Dawa Iliyotangulia Maelezo: Historia ya Tiba ya Skizofrenia

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizo na msemaji, ashikilie imani zisizo na msingi, na apoteze hamu ya kazi na maongezi. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayouthibitisha. Daktari huutambua kwa kumsikiliza mgonjwa, kuwahoji jamaa zake na kufuatilia dalili kwa muda. Msingi wa njia hiyo uliwekwa na Emil Kraepelin, daktari Mjerumani wa mwishoni mwa karne ya 19, aliyeutenga ugonjwa huu na magonjwa ya hisia. Mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Zürich aliupa jina lake la sasa, akakanusha kwamba kila mgonjwa lazima azidi kudhoofika.

Tiba ilichelewa. Katika miaka ya 1930 wagonjwa walizimishwa fahamu kwa insulini, walipitishiwa umeme kichwani au walikatwa nyuzi za ubongo. Dawa ya kwanza yenye nafuu ya kweli haikutafutwa kwa ajili yao. Klopromazini ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1950, na Henri Laborit, daktari wa upasuaji, akaitumia pamoja na dawa za usingizi. Aliona kuwa waliopewa wanatulia bila kuzimia. Mwaka 1952 madaktari wa akili Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa dawa hiyo wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Fujo na maruweruwe vilipungua, ingawa baadhi yao walipata mtetemeko na kukakamaa kwa viungo.

Maelezo yalifuata baadaye. Mwaka 1963 Arvid Carlsson na Margit Lindqvist, wakichunguza panya nchini Sweden, walidokeza kuwa dawa kama klopromazini huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka taarifa kati ya seli za ubongo. Katikati ya miaka ya 1970 watafiti wa Kanada na Marekani walionyesha kuwa kadiri dawa inavyoshika vipokezi vya dopamini kwa nguvu, ndivyo dozi inayohitajika inavyokuwa ndogo. Ikaonekana kwamba dopamini iliyozidi ndiyo chanzo cha ugonjwa.

Klozapini ilitia shaka hitimisho hilo. Dawa hiyo huvishika vipokezi hivyo kwa ulegevu, na iliwekwa kando katika nchi kadhaa baada ya kuua wagonjwa nchini Finland kwa kumaliza chembe nyeupe za damu. Lakini mwaka 1988 John Kane na wenzake waliijaribu kwa wagonjwa 268 ambao dawa nyingine hazikuwasaidia: asilimia 30 ya waliopewa klozapini walipata nafuu, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa klopromazini. Ilirudishwa kwa sharti la kupima damu mara kwa mara.

Utafiti wa urithi nao umepanua picha. Pacha wa kufanana akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Na mwaka 2022 yalitajwa maeneo 287 ya jeni yanayohusishwa na ugonjwa huu, kila moja likiwa na mchango mdogo. Kwa upande wa tiba, mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya skizofrenia isiyoziba vipokezi vya dopamini, inayopitia njia ya asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo.