Nakivale

Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Jina lake linatokana na ziwa lililo jirani. Mji mkubwa wa karibu ni Mbarara.

Historia. Makazi yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi Afrika. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Leo wakazi wamezidi 100,000.

Uendeshaji. Ofisi ya Waziri Mkuu husimamia makazi ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR). Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa wakimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Familia hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Kiswahili huwaunganisha wengi, hasa waliotoka mashariki mwa Kongo.

Ulinzi wa amani. Askari wa kulinda amani walitumwa katika nchi mbili wanakotoka baadhi ya wakimbizi hawa. Umoja wa Mataifa ulianzisha kikosi cha MONUC nchini Kongo mwaka 1999, kikawa MONUSCO mwaka 2010. Mwaka 2007 Uganda ilitangulia kupeleka askari Somalia chini ya Umoja wa Afrika. Hata hivyo, wakimbizi kutoka nchi zote mbili wameendelea kuingia Nakivale: askari wa kulinda amani hawatoshi pasipo amani yenyewe.