Jicho la Upepo: Tafakari juu ya Dirisha



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunawaalika tutafakari pamoja juu ya kitu tunachokifungua kila asubuhi bila kukiwaza, yaani dirisha. Tutaanza na jina lake la Kiingereza, "window". Neno hilo lina historia ndefu, nasi tukiifuata kwa subira itatufikisha mahali tusipopatazamia: kwenye haki ya maskini ya kuvuta pumzi.

Waingereza wa kale hawakulijua neno hilo. Wao walisema eagthyrl, maana yake "tundu la jicho", au eagduru, yaani "mlango wa jicho". Lile neno thyrl, tundu, halijafa kabisa; limejificha ndani ya "nostril", jina la Kiingereza la mwanzi wa pua, ambalo asili yake ni "tundu la pua" tu. Nasi Waswahili tulilipokea neno dirisha kutoka kwa Waajemi, ambao kwao daricha ni mlango mdogo. Hivyo watu wa pande mbili za dunia, wasiojuana, walilitazama tundu la ukutani wakaliona kuwa ni kijilango.

Katika karne ya 9 watu wa Skandinavia waliivamia Uingereza, na baadaye wengi wao wakafanya makazi mashariki na kaskazini mwa nchi hiyo. Walipochanganyika na wenyeji waliwaachia maneno mengi ya kila siku, hata yale ya yai, kisu na sheria. Miongoni mwa maneno hayo lilikuwamo vindauga: vind ni upepo, na auga ni jicho. Jicho la upepo! Katika nyumba zao moto uliwaka katikati ya chumba. Tundu lisilo na kioo lilipitisha mwanga na hewa. Mwanzoni mwa karne ya 13 neno hilo limo tayari katika maandishi ya Kiingereza. Kwa muda mrefu lilishindana na "fenester", lililotoka katika Kilatini, hata katika karne ya 16 lile la Kilatini likatoweka. Wafaransa na Wajerumani wamebaki na Kilatini chao. Waingereza wamebaki na upepo.

Kanisa nalo lina sehemu yake katika habari hii. Mnamo mwaka 670 hivi, Mtakatifu Wilfrid aliikuta kanisa kuu ya York imechakaa, na ndege wakiruka kuingia na kutoka madirishani. Naye akaamuru yatiwe vioo. Miaka michache baadaye Mtakatifu Benedict Biscop, aliyeanzisha monasteri ya Wearmouth mwaka 674, alituma watu Gallia kuwaleta mafundi wa vioo, kwa maana ufundi huo, kama anavyosimulia Mtakatifu Bede, haukujulikana wakati ule kisiwani. Kuanzia hapo jicho la upepo likaanza kuwa jicho la mwanga.

Katika karne ya 13 kiliandikwa Uingereza kitabu cha mashauri kwa wanawake watawa walioishi peke yao, wakijifungia katika vyumba vidogo kando ya kanisa. Mwandishi anawahimiza wayapende madirisha yao kidogo iwezekanavyo, nayo yawe madogo. Hata hivyo hasemi yazibwe. Kwa dirisha moja mtawa aliitazama altare, kwa jingine alihudumiwa, na kwa jingine alizungumza na waliomjia kutafuta neno la faraja. Hata aliyeukana ulimwengu hakunyimwa tundu la hewa.

Lakini dola ilikuja kufanya lile ambalo mwandishi yule hakuthubutu kulifanya. Mwaka 1696, chini ya Mfalme William III, bunge la Uingereza lilianzisha kodi ya madirisha. Kila nyumba ilitozwa shilingi 2 kwa mwaka. Yenye madirisha 10 hadi 20 iliongezewa shilingi 4, na yenye zaidi ya hayo shilingi 8. Nia haikuwa mbaya: ilidhaniwa kwamba mwenye madirisha mengi ni tajiri, na mtoza kodi angeweza kuyahesabu akiwa nje. Mwaka 1776 Adam Smith alionyesha kasoro yake: nyumba ya pango la pauni 10 katika mji wa mashambani yaweza kuwa na madirisha mengi kuliko nyumba ya pango la pauni 500 jijini London.

Walioumia zaidi walikuwa wapangaji maskini. Jengo kubwa lililogawanywa vyumba vingi lilihesabiwa kuwa nyumba moja, hivyo mwenye jengo aliyaziba madirisha kwa matofali ili apunguze kodi, huku familia zikirundikana gizani. Madaktari walilalamika kwamba maradhi yanastawi katika vyumba visivyo na hewa. Pamoja na hayo kodi hiyo ilidumu miaka 155, hata ilipofutwa mwaka 1851. Ufaransa nayo ilitoza kodi ya milango na madirisha kuanzia 1798 hadi 1926. Na Victor Hugo, katika riwaya yake ya mwaka 1862, alimweka askofu mimbarani akiwalilia wakulima fukara waliokosa hewa kwa ajili yake.

Siku hizi neno hili limeenea mbali. Kuna madirisha ya kompyuta, dirisha la malipo, na hata dirisha la usajili ambalo vijana wetu wa mpira hulisubiri kwa hamu. Katika maana hizo zote dirisha ni nafasi iliyo wazi, nayo yaweza kufungwa. Basi tujiulize: ni nani tunayemfungia?

Wapendwa, hakuna leo mtoza kodi anayehesabu madirisha yetu. Hata hivyo tunajenga vyumba vya kupangisha vilivyobanana, dirisha la kimoja likitazama ukuta wa kingine. Tunamlaza binti wa kazi katika stoo isiyo na tundu. Nasi twajua kwamba kifua kikuu huambukizwa kwa njia ya hewa, na hupata nafasi zaidi pale hewa isipobadilika. Wakati wa UVIKO-19 sote tulihimizwa kufungua madirisha. Lakini atafungua nini asiye nalo?

Maandiko yanatufundisha kwamba mwanadamu alipata uhai Mungu alipompulizia pumzi puani, yaani katika lile tundu la kwanza kabisa. Pumzi hiyo ilitolewa bure. Anayejenga nyumba, basi, kabla ya kuhesabu pango la mwezi, ahesabu kwanza macho ya upepo. Na aliyekwisha kujenga aingie katika chumba cha mpangaji wake saa nane mchana, afunge mlango, akae humo nusu saa.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.