Filamu ya Mapanki: Ulaya Walipiga Makofi, Mwanza Wakaandamana

Wadau waliozaliwa juzi juzi huenda hawaijui hii. Kabla kila mtu hajawa mchambuzi wa muvi Insta, kuna filamu iliyotikisa Kanda ya Ziwa mpaka Rais akaizungumzia. Jina rasmi ni Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, kazi ya Hubert Sauper wa Austria. Mtaani iliitwa tu filamu ya mapanki.

Ni dokumentari, ila inakwenda taratiiibu na inakuacha na wasiwasi. Mwongoza ndege wa Mwanza anahangaika kuua wadudu kwenye kioo cha mnara. Mlinzi wa usiku analinda kwa upinde na mishale. Watoto wanagombania wali. Ndege za mizigo zinabeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, na Sauper anauliza: zikija, zinaleta nini? Wenyeji wanabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa.

Ulaya waliielewa haraka. Ilipewa tuzo ya dokumentari bora ya Ulaya mwaka 2004, César nchini Ufaransa mwaka 2006, ikafika hadi Oscar na kushindwa na filamu ya pengwini. Kwa wahakiki wengi ilikuwa fumbo: sangara aliyepandikizwa ziwani akamaliza furu ni kama tajiri anavyommeza maskini.

Nyumbani mambo yakawa mengine. Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Kikwete aliipinga hadharani, na Agosti watu wakaandamana Mwanza. Hoja zao hazikuwa za kitoto. Filamu haikuonyesha silaha hata moja ikishushwa Mwanza, na viwanda vya samaki vilikuwa vinalisha familia nyingi. Mwandishi wa habari wa Mwanza aliyehojiwa humo naye akapata misukosuko.

Ufaransa kwenyewe, mwanahistoria François Garçon aliishambulia, akadai hata watoto walilipwa waigize. Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa ushindi. Ila kesi hiyo haikumaliza ubishi wa silaha.

Tatizo ni kwamba Ulaya walitazama fumbo, watu wa ziwa wakatazama kwao. Kwa mhakiki wa Paris panki ni alama ya dhiki. Kwa mama anayelikaanga ni kitoweo, ni biashara, ni ada ya mtoto. Hapo hasira ilikuwa halali.

Lakini hasira hiyo pia ilisaidia kukwepa swali. Kutoka Mwanza hadi Busega, ambayo leo iko Simiyu, sangara anavuliwa na watu wa huku. Bei ya minofu ilikuwa inapangwa wapi? Watu walibishana wiki kadhaa kuhusu aibu ya mapanki, minofu ikaendelea kupanda ndege.