Marufuku ya soul na santuri iliyochelewa kufika Kilindoni

"Hao si Wamarekani," mjomba alisema hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Tulikuwa barazani Kilindoni baada ya Isha, simu nimeiegemeza kwenye dele la kahawa lililokwisha kahawa. Nilikuwa nimewawekea Ave Africa, albamu ya bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, bila kuwaambia ni ya nani wala ya mwaka gani. Nilitaka kusikia watasemaje watu ambao hawajasoma kitu juu yake.

Kwanza nirudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana: sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua vyote vikawa adui wa utamaduni. Novemba mwaka huohuo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa ndani ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo mjomba hupenda kusema kwamba amri ile ilikuwa ya kwetu Mafia pia, tatizo ni kwamba huku hakukuwa na wa kumkamata. Yeye mwenyewe alikuwa Dar, kijana wa miaka kumi na tisa, anabeba mizigo bandarini mchana, na jioni anawafuata Rifters, Sparks na Barkeys popote wanapopiga.

Barua zikamiminika magazetini. Waliounga mkono walisema vijana wamegeuka kasuku wa James Brown. Waliopinga waliuliza swali ambalo mimi naona halikupata jibu la maana mpaka leo: huu muziki si wa watu weusi? Aliyeupeleka Marekani ni nani kama si babu zetu waliosafirishwa kwa minyororo? Na kama tatizo ni ugeni, mbona suti za wakubwa hazipigwi marufuku? Ukisoma mjadala ule unaona watu hawagombanii dansi tu. Wanagombania nani ana haki ya kuamua kipi ni chetu.

Sunburst walizaliwa ndani ya ugomvi huo, mwaka 1970. Gitaa alipiga Hembi Flory Kongo, mwimbaji alikuwa James Mpungo. Walipenda Osibisa, wale Waghana na watu wa Karibiani waliokuwa London, na mtindo wao wakauita Kitoto. Nadhani walipata njia ya kuupitia ukuta bila kuuruka: fanki ile ile iliyotiliwa shaka, lakini yenye Kiswahili na ngoma za nyumbani. Albamu yao moja tu ilitoka Zambia mwaka 1976, na kwa muda mrefu nakala yake ilikuwa mali ya wakusanya santuri. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikaitoa upya pamoja na nyimbo zao za santuri ndogo. Ndiyo iliyoingia kwenye simu yangu.

Sasa turudi barazani, maana huko ndiko kwenye utamu. Jirani yetu mmoja, shabiki wa Msondo asiyesikia la muadhini wala la mnadi swala linapokuja suala la dansi, alivumilia nyimbo tatu akachoka. "Wanachelewa wapi hawa?" Alikuwa anangoja wimbo uchemke. Na kusema kweli ana hoja. Sikio lililokuzwa na NUTA Jazz limezoea wimbo kuanza taratibu, mwimbaji amalize kisa chake, halafu magitaa yaanze kujibizana, tarumbeta ziingie na watu wainuke. Fanki haikupeleki popote. Inakushika palepale ulipo, besi inarudia neno moja, ngoma inalipigilia msumari, na kama hujacheza kufikia hapo basi shauri yako. Binamu yangu, yeye wa Bongo Flava, alielewa haraka kuliko wote. Alianza kutikisa kichwa akauliza mbona hajawahi kuwasikia redioni.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Tuliambiwa tunaiga. Hawa nao walikuwa wanaiga?" Hakuwa ananiuliza mimi. Mimi si mpenzi wa kila wimbo kwenye albamu ile. Ile ya Kiingereza ina maneno mepesi ya kuhubiri umoja ambayo hayajazeeka vizuri. Lakini swali lake lilinifanya nione aibu, kwa sababu nilikuja na albamu kama mtu anayeleta zawadi, kumbe namrudishia kitu alichonyang'anywa.

Mama mkubwa alikuwa ndani, anatusikia. Tangu mwanzo alishatoa hukumu: kelele za wahuni. Ulipoanza Enzi za Utumwani aliuliza jina la wimbo. Nikamwambia. Akatoka, akakaa kwenye mkeka.

Nadhani msomaji wa mbali anahitaji kujua kitu hapa. Minazi ya Mafia, hii tunayojivunia, mingi ilipandwa karne ya kumi na tisa na watumwa katika mashamba ya mabwana wengi wao Waomani, waliokuwa na majumba yao Chole. Utumwa Tanganyika ulikomeshwa kisheria mwaka 1922 tu, mwaka uleule Mafia ilipounganishwa nayo rasmi. Si mbali. Ni umri wa bibi. Na ni jambo ambalo barazani kwetu halizungumzwi, maana ukianza kuuliza fulani ni mjukuu wa nani, chai haitanyweka.

Wimbo ulipokwisha shabiki wa Msondo alifungua mdomo, mama mkubwa akamwinulia kiganja.

"Huo," aliniambia. "Urudishe mwanzo."