Darasa la Bar-sur-Loup

Januari 1920 Célestin Freinet aliripoti kufundisha Bar-sur-Loup, kijiji cha milimani kusini mwa Ufaransa, pafu lake likiwa limeharibiwa na jeraha la vita la mwaka 1917. Pumzi ya kuhutubia darasa kutwa hakuwa nayo. Nimefundisha darasa la tano Tanga, watoto wamebanana watatu watatu kwenye dawati, na najua koo linavyokauka ifikapo saa sita mchana hata kwa mtu mzima wa afya.

Basi akawa anawatoa nje. Walikwenda kumtazama mhunzi, seremala, mfumaji, kisha wakarudi kuandika ubaoni walichokiona. Ubao ukifutwa, kazi yote imekwenda na vumbi la chaki. Mwaka 1924 akanunua mashine ndogo ya kuchapia, watoto wakawa wanapanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, vidole vyeusi kwa wino. Hadithi inayosimuliwa sana ni ya mbio za konokono walizoziendesha darasani.

Lakini nani asome? Kijijini kila mtu anamjua mhunzi. Msomaji alipatikana mwaka 1926: darasa la René Daniel huko Trégunc, Brittany, upande wa pili wa nchi kwenye pwani ya Atlantiki. Wakaanza kupelekeana kurasa, barua na vifurushi. Bar-sur-Loup ni kijiji cha michungwa ambayo maua yake yalikwenda kwenye viwanda vya manukato vya Grasse. Mtoto wa pale hana sababu ya kueleza ua la mchungwa, amezaliwa nalo. Akimwandikia mtoto wa wavuvi, hana budi kueleza nani analichuma, kwa ujira gani, linapelekwa wapi. Kwangu hapo ndipo ulipo ugunduzi wa Freinet, kuliko hata ile mashine ambayo watu huitaja kwanza.

Nililiona jambo hilo kwa macho yangu darasa letu lilipopata marafiki wa kalamu Ujerumani. Barua yao ya kwanza ilituuliza maji yetu yanatoka wapi. Watoto wakacheka: bombani! Nikawatuma kwa mama anayeuza maji mtaani. Walirudi na habari za kufuli, za mpira uliofungwa viraka, na za daftari la madeni: fundi baiskeli ndoo tatu, muuza chapati ndoo mbili, bibi wa kona bure. Neno hilo "bure" likazua ugomvi. Wengine walitaka liandikwe kwa kuwa ni kweli, wengine wakasema bibi ataaibika hadi Ulaya. Waliafikiana kuandika kwamba yupo mmoja asiyelipa, bila kusema nyumba. Jibu likaja na swali: nani aliamua asilipe? Wakamwendea balozi wa nyumba kumi, wakidhani amri ilitoka kwake. Naye akawaambia, "Wanangu, mimi hilo nalisikia kwenu." Muuza maji alipoulizwa alisema bibi ndiye aliyemlea mumewe, na akataka kujua Wajerumani inawahusu nini.

Freinet aliondoka Bar-sur-Loup mwaka 1928, na mwaka 1935 akafungua shule yake mwenyewe Vence. Wakati huo walimu wengi walikuwa wameshaiga uchapaji na barua za darasa kwa darasa. Kompyuta zilipokuja mtindo ukahamia huko: mwaka 1988 ulianza mradi wa kuunganisha shule za New York na Moscow, uliozaa mtandao wa shule wa iEARN. Barua iliyokuwa ikingojea posta sasa inafika kabla kengele haijalia, ingawa sijaona kwamba wepesi huo umeongeza maswali. Ratiba nyingi za ushirikiano nilizopokea zilianza na bendera, vyakula na mavazi ya taifa. Hayo niliyawekea wiki ya mwisho ya muhula, na mara nyingi hatukuyafikia.