Fahamu: Toki konveta ya stoli ya juu inalifaa gari la barabarani?

Gari ni la gia otomatiki, na injini imebadilishwa kamshafti au imefungwa tabo kubwa. Taa za barabarani zinawaka kijani, unakanyaga mafuta, lakini gari linasita kwanza ndipo linachomoka. Wenye magari ya namna hii huambiwa dawa ni kubadilisha toki konveta na kufunga yenye stoli ya juu.

Je, ni kweli? Inaweza kuwa kweli. Lakini konveta isiyolingana na gari inaweza kuua giaboksi nzima ndani ya muda mfupi. Tunaeleza hapa inavyofanya kazi na nani anaihitaji.

Toki konveta ni nini?

Gari la gia za mkono lina klachi ya kuunganisha na kutenganisha injini na giaboksi. Kwenye otomatiki kazi hiyo hufanywa na toki konveta, chombo cha chuma cha mviringo kilichojaa oili ya giaboksi. Ndani yake kuna magurudumu matatu yenye mapanga. Pampu huzungushwa na injini, tabini huzungusha giaboksi, na katikati yao kuna statori.

Chukua feni mbili zinazotazamana. Washa moja, na upepo wake utaizungusha ya pili. Kwenye konveta, oili ndiyo upepo. Statori huongeza jambo moja kubwa: huigeuza oili inayorudi ili iisaidie pampu badala ya kuipinga. Kwa sababu hiyo gari linapoanza kuondoka, toki, yaani nguvu ya kuzungusha, huweza kuongezeka karibu mara mbili. Gari likikolea mwendo, ongezeko hilo huisha.

Mbunifu wa kifaa hiki ni mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, mwanzoni mwa karne ya 20, na alikilenga kwa meli. Nchini Marekani kilienea kwenye magari kupitia giaboksi kama Dynaflow ya Buick mwaka 1948 na Powerglide ya Chevrolet mwaka 1950. Ni huko huko Marekani, kwenye mashindano ya robo maili, ndiko kubadilisha konveta kulikopata umaarufu.

Stoli maana yake nini?

Ukikanyaga breki mpaka mwisho, ukaweka gia ya D na kukanyaga mafuta yote, injini itapanda hadi mahali fulani kisha itagoma kupanda zaidi. Hapo ndipo kiwango cha stoli. Magari mengi yanatoka kiwandani yakiwa karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika. Konveta za magari ya barabarani yaliyoongezwa nguvu huwa kati ya 2,500 na 3,500, na za mashindano pekee hufika 5,000 na zaidi.

Namba hiyo haitegemei konveta peke yake. Konveta ile ile ikiwekwa nyuma ya injini yenye toki kubwa, stoli hupanda. Nyuma ya injini ndogo, hushuka. Ndiyo maana huwezi kununua kwa kusoma namba ya kwenye boksi tu.

Pia, stoli ya 3,000 haimaanishi gari halisogei mpaka mshale ufike 3,000. Ukikanyaga mafuta kidogo litaondoka mapema, ila utahisi injini inapanda kuliko gari linavyokwenda, kama klachi inayoteleza.

Kwa nini watu huitaka?

Kamshafti kali huhamishia nguvu ya injini juu, na kule chini injini hubaki dhaifu. Ikiwa na konveta ya kiwandani, injini hiyo husumbuka kwenye taa, na wakati mwingine huzimika ukiweka D. Tabo kubwa nayo huhitaji moshi mwingi wa ekzosi ili izunguke. Stoli ya juu huiachia injini ipande haraka hadi kwenye nguvu yake kabla ya kubeba uzito wa gari.

Kwa hiyo konveta haiongezi nguvu za farasi kwenye injini. Inabadilisha tu mahali ambapo gari linaanzia kuvuta.

Gharama yake ni joto

Kila oili inapoteleza ndani ya konveta, joto huzalishwa. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 11 za Selsiasi zinazozidi 80 hivi hupunguza uhai wa oili kwa nusu. Oili iliyoungua huwa nyeusi na hunuka kuungua. Baada ya hapo klachi za ndani ya giaboksi huanza kuteleza.

Hatari ipo pale gari linapobeba mzigo kwa mwendo mdogo: foleni za Dar es Salaam, au mlima kama Kitonga gari likiwa limejaa watu. Kwenye barabara kuu pia, tuseme gari linakwenda kilomita 100 kwa saa kwa mizunguko 2,200 huku stoli ikiwa 3,500. Kama konveta haina klachi ya ndani ya kuifunga, itateleza safari nzima na kula mafuta zaidi. Otomatiki nyingi za Japan tunazotumia huku zina klachi hiyo, lakini si kila konveta ya mashindano inayo.

Kabla ya kununua

- Jua injini yako inaanza kuvuta vizuri wapi, kisha chagua stoli ndogo kabisa inayokufikisha hapo.
- Mweleze muuzaji uzito wa gari, uwiano wa difu, ukubwa wa matairi na matumizi ya kila siku.
- Chagua yenye klachi ya kufunga, na funga rejeta ya ziada ya oili ya giaboksi pamoja na geji ya joto.
- Uliza kama kompyuta ya gari itaikubali. Nyingi hupima utelezi, na huwasha taa ya hitilafu ukizidi.
- Kupima stoli kusizidi sekunde 5, na mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari. Kisha weka nyutro, injini izunguke hadi oili ipoe.

Kama injini yako bado ni ya kiwandani, acha konveta iliyopo. Waliolitengeneza gari waliilinganisha na injini hiyo, na gari likisita, anza kwa kumwambia fundi apime oili ya giaboksi na kukagua tabo na plagi.