Uzi Mpya katika Nguo Kuukuu: Ufundi wa Kugeuza Nguo Handeni na Korogwe

Katika mijadala ya mavazi nchini Tanzania limezoeleka dai kwamba ufundi wa kushona nguo mpya kutokana na nguo kuukuu uliletwa na biashara ya mitumba baada ya 1985, na kwamba kabla ya hapo nguo iliyochakaa ilivaliwa hadi ikaisha au ikatupwa. Kwa upande wa Handeni na Korogwe, wilaya za mkoa wa Tanga, dai hilo halisimami, na chanzo cha kulipinga kimepuuzwa kwa sababu hakikuandikwa kwa wino. Chanzo hicho ni mshono wenyewe, kwani mshono uliofumuliwa huacha safu ya matundu ya sindano pamoja na mstari wa rangi ya awali ambao haukupigwa na jua wala sabuni, hivi kwamba mtu anayejua kutazama huweza kutambua kuwa kaptula ya mtoto ilikuwa suruali ya mtu mzima, au kuwa kola ya shati imewahi kufumuliwa, ikageuzwa upande wake wa chini na kushonwa upya.

Misingi ya biashara ya nguo katika bonde la mto Pangani inafahamika vya kutosha. Merikani, yaani pamba nzito isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya nchi hiyo na Sayyid Said, na kaniki, yaani kitambaa cha rangi ya nili kutoka India, vilipanda bara pamoja na misafara, vikapimwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa sawa na shuka mbili. Semboja, mtawala wa ukoo wa Kilindi, aliweka makao yake Mazinde, chini ya milima ya Usambara, ili awe karibu na njia hiyo ya biashara. Linalopaswa kukumbukwa ni kwamba nguo ilikuwa pia fedha, na ni vigumu kuamini kwamba jamii iliyolipa madeni na hongo kwa nguo iliweza kuitupa kwa sababu tu imetoboka goti. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe 1902, mashamba ya mkonge yakaenea, na cherehani zikaanza kulia kwenye baraza za maduka ya Wahindi.

Kwa upande wa Uzigua, yaani nchi ya Wazigua ambamo Handeni imo, kitabu cha mwanahistoria James Giblin cha 1992, kinachoeleza jinsi wakazi walivyopoteza uwezo wa kujikinga na njaa kati ya 1840 na 1940, kinastahili kusomwa upya kwa jicho la mavazi, ingawa mavazi si mada yake. Hoja yake ni kwamba utawala wa kikoloni ulivunja uhusiano kati ya wakubwa waliokuwa na akiba na watu waliowategemea, na ukame ukageuka njaa. Hoja hiyo inasaidia kueleza kwa nini mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati nguo za Kijapani za bei nafuu zilipojaa madukani, kaya nyingi za Handeni bado zilishindwa kununua: bei ya mazao ilikuwa imeanguka na senti chache zilizopatikana zilikwenda kwenye kodi na chakula.

Hata hivyo umaskini peke yake hauelezi historia hii, na hapa ndipo maelezo yaliyozoeleka yanapokosea zaidi. Mnamo Desemba 1941 Japani iliingia vitani na nguo zake zikatoweka sokoni. Miezi michache baadaye iliziteka Ufilipino na visiwa vya Java na Sumatra, maeneo yaliyotoa sehemu kubwa ya nyuzi za kamba duniani, na mkonge wa Tanganyika ukatakiwa na Washirika kwa kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilithubutu kuwapeleka watu mashambani kwa lazima. Korogwe ikajikuta katika hali ya ajabu: kazi ya mkonge ilikuwepo tele na ujira ulilipwa, lakini dukani hapakuwa na kitambaa cha kununua, na kilichopatikana kilidhibitiwa bei na ugawaji. Katika hali kama hiyo mwenye fedha na asiye na fedha walisimama mbele ya fundi yuleyule, wote wakiwa wamebeba nguo kuukuu, kwa kuwa kitambaa pekee kilichopatikana kwa uhakika ni kile kilichokwisha kuvaliwa. Baada ya 1945 yaliongezeka makabuti, yaani makoti mazito ya jeshi yaliyouzwa baada ya vita, ambayo kitambaa chake kilitosha kumpatia fundi nguo zaidi ya moja.

Hali hiyo ilijirudia kati ya 1979 na 1984, na kufanana huko si kwa bahati. Vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni viliviacha viwanda vya nguo vikikosa vipuri, huku mkonge, ambao uzalishaji wake wa taifa ulifikia takriban tani 230,000 mwaka 1964, ukiendelea kuporomoka baada ya nyuzi za plastiki kuutoa sokoni. Watu walikuwa na noti zisizokuwa na cha kununua. Wanaosema kwamba mitumba ndiyo iliyoviua viwanda vya nguo husahau kwamba viwanda hivyo vilikuwa tayari vikifanya kazi chini sana ya uwezo wake kabla bajeti ya 1984 haijaruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Katika miaka hiyo migumu suruali za kaki zilipunguzwa kuwa kaptula za shule, mashati ya baba yakawa magauni ya watoto, kanga zilizofifia zikawa nepi na mbeleko, na mabaki yakajaza mito au yakafungwa kuwa mipira ya chandimu. Kazi hiyo ilitaka akili ya juu kuliko kushona kitambaa kipya, kwa sababu fundi alilazimika kupanga mkato wake kwa kukwepa sehemu zilizochoka, na heshima ambayo historia ya taifa imewapa mafundi hao ni ndogo mno.

Kwa hiyo belo za mitumba, ambazo mwanzoni watu waliziita kafa Ulaya, zilipomwagwa kwenye magulio ya Korogwe na Handeni, zilikuta mikono iliyokwisha kufundishwa na uhaba. Mafundi walipunguza viuno, walikata makoti yasiyofaa kwa joto la tambarare na kuyafanya sketi, wakashona mikoba kutokana na jinzi. Uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 2016 wa kuondoa mitumba hatua kwa hatua haukutimia, kwani Marekani ilitishia kufuta nafuu za ushuru za AGOA, sheria yake ya biashara na nchi za Afrika, na mnamo 2018 ni Rwanda pekee iliyoshikilia msimamo wake.

Tishio kubwa zaidi kwa ufundi huu limo ndani ya belo zenyewe. Pamba nzito ya zamani ilivumilia kufumuliwa na kushonwa mara mbili au tatu, bali nguo nyingi za siku hizi zimefumwa kwa nyuzi za plastiki zinazovutika, ambazo hutatuka zikifumuliwa, na mshono ulionyooka wa cherehani ya kawaida hukatika pindi kitambaa kinapovutwa. Fundi asiye na mashine ya ovaloki, yaani mashine inayoshona na kufunga kingo kwa wakati mmoja, hulazimika kuziacha nguo hizo, hata pale rangi yake ingali inang'aa.